Katiba ya Nyumba Yetu, Baba Nuru

Baba Nuru,

Shikamoo. Barua za walio hai huanza kwa kuuliza hali, na yako siwezi kuiuliza, basi nakuamkia tu kama nilivyokuamkia asubuhi zote. Sisi huku tupo. Elia yuko mashineni, Nuru ameondoka juzi kurudi shule, na mimi nimekaa kwenye kizingiti cha jiko, naandika herufi kubwa kubwa kama ulivyonifundisha ili zisikanyagane. Usizicheke. Ulisema mwandiko wangu unatembea kama kuku mwenye mguu mmoja, lakini anafika.

Nina habari na nimeshindwa kukaa nayo. Kikao cha ukoo kimepita. Unajua hofu niliyokuwa nayo tangu tulipokuzika: kwamba shamba la bondeni litakwenda kwa kaka yako, na shamba likienda, karo ya Nuru imekwenda, na karo ikienda, mtoto anarudishwa nyumbani kuozwa. Mwaka mzima nimelala na hofu hiyo kama mtu anayelala na mtoto mgonjwa, nikigeuka nayo inageuka. Ngoja nikusimulie, lakini nisimulie kwa mwendo wangu, usiniambie "fupisha, Mama Nuru." Leo huwezi.

Habari ndogo kwanza. Kaburi lako tumelijengea. Elia alichanganya saruji mwenyewe, akaandika jina lako kwa msumari kabla haijakauka, mstari wa pili umepanda juu kidogo. Mvua zilichelewa, zikaja, alizeti imekubali. Yule jogoo wako mwekundu tulimfanya mboga, nisamehe, alikuwa anapiga watoto wa jirani. Duka la ushirika limefungwa, mahali pake wanauza mitumba. Siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara, hata mzee wa kanisa ana magunia ya mashudu ya alizeti sebuleni. Mashine ya kukamua alizeti inanguruma tangu asubuhi, na Elia akirudi jioni ananukia mafuta mpaka mbwa anamfuata. Ungekuwepo ungepata mengi ya kusema.

Ungekuwepo. Nimeliandika neno hilo nikaweka kalamu chini kidogo. Sasa tuendelee.

Ile jioni uliyorudi na habari za mfalme, unaikumbuka? Nuru alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule, Elia bado anaburuta kaptula yako. Ulikuwa umekwenda semina ya walimu, ukarudi na kitabu cha kuazima na vumbi mpaka kwenye nyusi. Badala ya kuomba maji ya kuoga ukakaa chini, ukasema, "Mama Nuru, kulikuwa na mfalme." Nikadhani unataka kuwatolea watoto hadithi. Kumbe mfalme wa kweli, wa nchi ya Afghanistan, huko kwenye milima na theluji, zamani kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Ulieleza mpaka ugali ukapoa. Kwamba alipoitoa nchi yake mikononi mwa Waingereza hakukaa kula raha, aliita watu wakatunga katiba. Katiba ikasema mtumwa asiwepo, na raia wote ni sawa mbele ya sheria. Akafungua shule ya wasichana. Akakataza watoto wa kike kuozwa wangali wadogo, akakataza mjane kurithiwa kwa nguvu na ndugu za marehemu. Na malkia, mke wake, alikuwa mwanamke aliyesoma, akawa anasimama mbele ya wanawake wenzake kuwaambia kwamba nchi si ya wanaume peke yao.

Mimi niliuliza kitu kimoja tu. "Mama yake mfalme alisemaje?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Lakini nilikuwa nauliza kweli. Mimi kila nikisikia jambo jipya, kwanza namfikiria mama wa mtu.

Kesho yake jioni tukiwa tumenawa mikono ukatangaza. "Kuanzia leo nyumba hii ina katiba." Watoto wakadhani ni chakula. Ukasema sheria ya kwanza, baba naye yuko chini ya sheria. Kazi za nyumbani ni zamu, wa kike na wa kiume. Hakuna mtoto wa nyumba hii atakayeozwa kabla kichwa chake hakijafika mwisho wa masomo yake. Cha baba na mama ni cha watoto wote, sawa kwa sawa. Mpaka hapo nilikuwa natikisa kichwa tu, naona ni maneno ya mwalimu. Halafu ukatoa ile ya mwisho, iliyoleta vita: firigisi italiwa kwa zamu.

Hukujua ulichokuwa unagusa, au ulijua sana. Mtoto wa Kiiramba yeyote anajua: kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye mji, mkuu wa nyumba. Mwanamke hata awe amemfuga kuku yule tangu yai, firigisi anaiosha, anaipika, anaipeleka. Mama yako, Mungu amrehemu, alilia. Alikuja mpaka jikoni akanishika mkono: "Mwanangu hali firigisi nyumbani kwake, kwani yeye ni mgeni hapa?" Akasema nimekulisha kitu. Nami kwa hofu, zamu ya kwanza ikiwa ya Nuru, nikaificha firigisi chini ya ugali wako. Ukaikuta. Ukaichukua, ukamwekea mtoto kwenye sahani yake, wala hukugomba. Uliniambia tu, "Mama Nuru, unapindua serikali."

Na hukuiandika popote. Ulisema ya mfalme iliandikwa vizuri sana ikabaki kwenye makaratasi, yetu watoto waikariri. Basi wakawa wanaiimba kama jedwali la kuzidisha, kila jioni kabla ya sala ya chakula, Elia anaruka maneno, Nuru anamsahihisha. Mgeni akifika wakati wa chakula anasikilizishwa katiba kwanza, njaa ikimuuma. Nawe kilabuni wakakupa jina na kijiji chetu juu yake, Mfalme wa Misigiri. "Mfalme, leo zamu yako ya vyombo?" Unawajibu, "Leo ni Elia. Mimi kesho, njooni na sahani zenu." Mimi nilisikia aibu mpaka masikioni. Nilikuwa nakuambia, ukiosha masufuria walau zunguka nyuma ya tembe, nawe unakaa mbele kabisa, njiani, unaimba.

Halafu ukazidisha. Ukaleta sheria nyingine kwamba Mama Nuru ataendesha baiskeli kwenda zahanati na mnadani, asisubiri kupakiwa kama kiroba. Nikajaribu kwa kukuheshimu. Nilianguka mbele ya kanisa, watu wanatoka ibadani, kanga huku, kiatu kule, goti limechubuka. Nikakuambia sipandi tena hata malaika aishike kwa nyuma. Nilidhani utanilazimisha. Kesho yake ukasema, "Hiyo ilikuwa kofia."

Ndipo uliponisimulia mwisho wa mfalme wako. Kwamba alisafiri Ulaya, akarudi ameona mengi, akawa na haraka. Akataka watu wa mji wake mkuu wavae suti na kofia za Kizungu, watu waliozaliwa na vilemba. Malkia akafunua uso hadharani. Kodi nayo ikapanda. Watu wa vijijini wakashika bunduki, na mfalme akaondoka na gari kwenye theluji, hakutawala tena. "Shule ilikuwa haki," ulisema, "kofia ilikuwa haraka." Ukaifuta sheria ya baiskeli palepale. Nilikupenda siku ile, Baba Nuru. Sikukuambia, sisi hatukuzoea kuambiana hivyo. Lakini wangapi wanaweza kufuta neno lao kwa sababu ya goti la mke?

Nikakuuliza: wale wasichana je, wa ile shule, walikwenda wapi? Ukasema shule ilifungwa, na waliokuwa wamepelekwa nchi ya Waturuki kusoma wakaitwa warudi nyumbani. Ulisema hivyo ukatazama pembeni. Mimi nikawaona kabisa, watoto wa watu, wanafunga mizigo yao, hawajui wamekosa nini. Na mama zao mlangoni wanangoja, sijui wanafurahi au wanalia.

Kwa hiyo ulipotutoka, kwa kile kifua ambacho hospitali zote mbili zilishindwa nacho, nikuambie kilichonijia msibani. Wenzangu wanaimba mapambio, dada yako Nalaila amenishika kwapa nisianguke, na mimi nawaza wale wasichana. Mfalme ameondoka. Sasa wataitwa.

Shemeji Kiula, kaka yako, si mtu mbaya, niseme haki. Alishinda kwenye kaburi na jembe, alitoa mbuzi, alilala nje na wanaume mpaka matanga yakaisha. Ila ndivyo alivyolelewa, mdogo akifa mkubwa anashika mji. Akaniambia, "Shemeji, mwaka huu lima tu. Tukishajengea kaburi tutakaa kikao." Na mwaka mzima akawa anapita, anakaa kwenye kigoda chako, anakunywa uji, anadondosha neno moja moja. "Huyu msichana anamaliza lini hizo shule?" Au, "Kuna mtu wa Utemini, kule mjini, ana duka la vifaa, mtu mzima ametulia, ameuliza habari zake." Siku nyingine akasema, "Wewe mwenyewe utakuwa chini yangu, hutapata shida." Nilikonda mpaka pete ikawa inaanguka kwenye unga.

Redio yako inaongea bado, Elia ameifunga kwa waya. Siku moja napepeta uwele nikasikia wanaitaja ile nchi. Ile ile. Wanasema huko sasa wasichana wamefungiwa majumbani, shule zao zimefungwa, na mwanamke hatoki nje bila mwanaume wa kwao kuongozana naye. Nikaacha ungo. Nikasema, kumbe miaka yote hiyo tangu mfalme wako, na bado mtoto wa kike anaambiwa rudi nyumbani. Nikaizima redio nikakaa nayo mapajani. Nilitaka kukuuliza, Mwalimu, sasa alipanda nini yule mtu? Hukuwepo.

Likizo Nuru akaja na maneno yake ya shule. Akasema serikali yetu imetunga sheria mpya ya ardhi ya vijiji, mwanamke ana haki ya ardhi sawasawa na mwanaume. Nikamwambia, mwanangu, sheria iko Dodoma, baba yako mkubwa yuko hapa. Akacheka, lakini niliona uso wake. Naye alikuwa na hofu, anaificha ili mimi nisizidishe yangu.

Basi tukajengea kaburi, na kesho yake ukoo ukakaa. Nuru aliombewa ruhusa shuleni akaja. Wanaume kwenye viti na mabenchi uwanjani, sisi wanawake kwenye mikeka karibu na jiko. Dada yako Nalaila alitoka Utemini na kikapu chake, akakaa kwenye kiti kati ya wanaume, anasema magoti yake hayashuki tena mpaka chini, na nani atamwondoa? Unajua kwetu mwanamke kikaoni hasemi, anasemewa na kaka yake au shemeji yake. Kaka yangu hakuwepo, yuko Itigi na asali zake. Wa kunisemea akabaki Kiula, na Kiula ndiye aliyekuwa anasema upande wake mwenyewe.

Akaanza vizuri. Akakusifu, akashukuru watu. Halafu akasema shamba la bondeni ni la Elia, kwa kuwa ndiye mwanaume, na mpaka Elia aoe yeye Kiula atalishika. Nuru amesoma vya kutosha. "Mtoto wa kike ni mgeni," akasema, "leo yupo hapa, kesho yuko kwa watu. Huwezi kumpa mgeni shamba akaondoka nalo kwenye kapu." Wazee wakaguna kukubali. Akasema, "Tule kwanza, tukishakula tunafunga neno."

Nikaingia jikoni kupakua. Mbuzi alikuwa wa watu wote, na kuku mmoja wa sahani ya wazee, Elia alimchinja asubuhi. Nikatia mwiko kwenye sufuria, na kitu cha kwanza kilichopanda ni firigisi. Mke wa Kiula alikuwa ameshika taa yetu ya mkono kwa sababu jiko ni giza hata mchana, akanong'ona, "Hiyo ya mume wangu, weka juu aione." Nilielewa. Mjane akimpelekea mtu firigisi mbele ya ukoo mzima, kikao kimekwisha. Mwenye mji amepatikana, hakuna haja ya kufunga neno lingine.

Sasa usije ukadhani nilikuwa jasiri. Mimi unanijua, naogopa hata mjusi. Nilichowaza pale ni zamu. Kuku wa mwisho tuliyekula, firigisi ilikuwa ya Elia. Kabla yake ilikuwa yangu. Ya sasa ni ya Nuru. Hatujaacha, Baba Nuru, tangu uondoke hatujaruka hata zamu moja, ingawa ikifika zamu yako tunanyamaza kidogo ndipo tunaanza tena. Nikasimama na mwiko wangu, nikaona nikimpa Kiula nitakuwa nimefanya lile lile la siku ya kwanza, na safari hii hupo wa kuirudisha kwenye sahani ya mtoto. Kusema kweli nilikuogopa wewe kuliko nilivyomwogopa yeye. Nikaiweka kwenye sahani ya Nuru. Mke wa Kiula akasema, "Mama weee," taratibu, akatoka nje.

Sahani zikaenda. Shemeji akageuza nyama kwa kidole. Akageuza tena. Akainua paja akatazama chini yake kama mtu aliyepoteza sindano.

"Shemeji, huyu kuku hakuwa na firigisi?"

"Alikuwa nayo, shemeji."

"Iko wapi?"

"Ni zamu ya Nuru."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama mtoto. Naye ameshaitia mdomoni, shavu limevimba, hatafuni wala hatemi, macho yamemtoka. Dada yako Nalaila akaanza kucheka, ule wa kwake wa tumbo. "Tafuna, mwanangu," akamwambia. "Usije ukakabwa na mali ya ukoo."

Kiula akainuka. Hasira yake niliielewa, aibu ilikuwa kubwa. Akasema, "Nyumba hii iliharibiwa na mfalme. Mdogo wangu alisoma kitabu kimoja cha watu wa mbali, akaja kutupindulia mila. Mnajua mwisho wake? Hao wenyewe walimfukuza mfalme wao." Hapo hakuna aliyecheka, maana ni kweli, walimfukuza. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Nuru atafunga mizigo.

Ndipo Elia akasimama. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, na shati lake lile lenye madoa ya mafuta, nilimwambia avae jingine akakataa. "Baba mkubwa, shikamoo. Naomba niseme." Akapewa ruhusa. "Mfalme wa Afghanistan mimi simjui. Ninachojua ni kwamba nimeosha vyombo katika nyumba hii tangu mikono yangu haifiki ndani ya sufuria, na dada amechunga ng'ombe. Fisi alipoingia zizini dada ndiye aliyemtoa, mimi nilikuwa juu ya paa la tembe nalia." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Shamba tumelilima wote. Mnanipa mimi peke yangu kwa lipi?"

"Wewe kijana," Kiula akasema, "unakataa mali?"

"Sikatai mali, baba mkubwa. Nakataa ya kwake."

Baba Nuru, laiti ungemsikia. Nakataa ya kwake. Kiula akamkejeli, kwamba mwanaume mzima wa darasa la saba anashinda kwenye mashudu ili dada yake avae sketi ya shule. Elia akajibu, "Ndiyo. Na akimaliza, zamu yangu inafika." Akakaa. Mtoto wetu ambaye mtihani ulimkataa, yule uliyekuwa ukimhangaikia usiku na mchana kwamba hakusoma vya kutosha.

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta niko mbele ya viti vya wazee, mwiko bado mkononi unadondosha mchuzi. Nikasema, "Shemeji, wewe ulimchimbia mume wangu kaburi, sitakusahau mpaka na mimi nichimbiwe. Lakini mimi sirithiwi. Na mtoto wangu haitwi kurudi." Nilikuwa na mengine, nikakaa nayo pale pale mchangani.

Wakaanza kusema wote. Mmoja anauliza tangu lini mjane anajisemea, mwingine anasema aachwe. Mzee Mkumbo, yule mkubwa wa ukoo, akauliza kama marehemu aliacha wosia. Kiula akasema hakuacha, hakuna karatasi. Na ni kweli hakuna, hukuandika. Nikaona sasa umetuponza na ule ukariri wako.

Dada yako akatikisa kichwa. "Karatasi ya nini? Marehemu alisema mali yake igawanywe vipi, akiwa mzima, na akili zake, kila jioni kabla ya kula, miaka yote. Nimekuja hapa kama mgeni na njaa yangu nikasikilizishwa mpaka nikachoka. Cha baba na mama ni cha watoto wote, sawa kwa sawa. Nani hapa hajawahi kula nyumba hii? Nani hakuisikia?"

Wakatazamana. Maana kila mtu aliisikia, Baba Nuru. Wengi wamekula kwako. Na waliokuwa hawajala kwako waliisikia kilabuni, wakikucheka. Mzee Mkumbo akasema, akitazama fimbo yake, "Mimi niliisikia nikamcheka. Lakini kucheka si kukana kwamba nilisikia. Huo ni wosia." Akawauliza wengine mmoja mmoja kwa jina, nao wakaitika. Waliokuita mfalme kwa dhihaka ndio waliokushuhudia. Wa mwisho aliulizwa Kiula. Akasema, "Niliisikia. Ni mdogo wangu, ningekosaje kumsikia?"

Neno likafungwa hivyo. Shamba nusu kwa nusu, Elia na Nuru, mimi natunza mpaka wote wawe na miji yao, na hakuna anayemtaja mtu wa Utemini tena. Asubuhi yake Kiula alikuja mwenyewe na mzigo wa miche ya minyaa begani, hatukumwita. Akapima kwa kamba, akapanda mstari wa mpaka katikati ya shamba, mche baada ya mche, bila kunitazama. Nikampelekea uji. Jicho lake lilikuwa jekundu linatoa machozi, akasema utomvu wa minyaa umemwingia. Nikamletea maji anawe. Sikuuliza zaidi. Alipomaliza alikunywa uji wote, akasema shamba hili lina udongo mzuri upande wa Nuru, kule chini, apande mapema.

Nuru ameondoka juzi, na sanduku lile lile la bati. Anasema akimaliza anataka kusomea sheria. Nimemwambia, mama, sheria ni kazi ya kugombana na watu. Akanijibu, "Si wewe umeanza?" Nimesimama njiani mpaka vumbi la basi likatulia. Baba Nuru, nilijivuna. Mtu akinipita pale nilimsalimia kwa sauti ya juu ili anisikie nilivyo. Nimejivunia huyo mtoto, nimejivunia kaka yake, na wewe zaidi, uliyekaa njiani unaosha masufuria watu wakikuangalia na wala hukuingia ndani.

Nimemfikiria tena mfalme wako. Siwezi kumhukumu, mimi nani. Ila nawaza, wale wasichana walioitwa kurudi nyumbani, si walikuja kuwa mama? Pengine waliwafundisha watoto wao kusoma, jikoni, taratibu, mlango umerudishwa. Redio inasema ya serikali tu, ya jikoni haiyajui. Huenda na leo hii, katika hizo nyumba zilizofungwa, kuna mama ameketi na binti yake na herufi. Nimekuwa nikiwaombea hao kila Jumapili. Sijui majina yao, namwambia Mungu tu, wale wa mfalme wa mume wangu.

Sasa nimalize, maana kuna jambo bado, na hili limenikosesha hamu ya kula. Kijijini wanaunda baraza la ardhi. Ile sheria mpya ya Nuru inataka na wanawake wawemo, na baada ya kikao chetu watu wamenitaja mimi. Nilikataa. Nikasema mimi nimesoma kisomo cha watu wazima tu, nikasema nina tumbo. Mwenyekiti akaondoka. Halafu akaja Mama Shani wa bwawani, yule mjane wa juzi, aliyeachwa na watoto wadogo. Shemeji zake wamelima mpaka mlangoni kwake, hana pa kutupia hata mbegu za mlenda. Hakuniomba kitu. Alikaa tu hapa jikoni akanichambulia mboga yangu yote, jani kwa jani, mpaka ikaisha, akaaga.

Nimetuma neno kwa mwenyekiti kwamba nitakwenda. Wanakaa keshokutwa, na jambo la kwanza ni la Mama Shani.

Naogopa, usidhani siogopi. Lakini nakuahidi, Baba Nuru, nitakaa mbele na si nyuma, nitasikiliza pande zote mbili kama ulivyokuwa unawasikiliza hawa watoto wakigombana, na nitasema nionavyo, hata kama watakaa kimya. Nikitoka pale nitapita kaburini kwako, na sitapita kukulilia. Nitakuja kukuambia tulichoamua.

Pumzika sasa. Mimi naelekea mnadani kabla jua halijakuwa kali, nikatafute viatu. Nilivyovaa siku ya kukuzika vipo, bado vizima, lakini kwa kazi hii nataka vingine.

Ni mimi mkeo,
Mama Nuru